Kibao Kilichoandikwa kwa Ajili Yangu

Kibao kile kimesimikwa chini ya maji, mita chache kabla ya pale mwanga wa jua unapokatika. Kina picha ya kifo kama wanavyokichora Wazungu: fuvu ndani ya joho, mundu mrefu mkononi. Maneno yake hayana mzunguko. Simama. Wazamiaji zaidi ya 300 wamefia kwenye mapango kama hili, wakiwemo walimu wa kuzamia baharini. Humu ndani hamna kitu cha kufia.

Nilikisoma mara mbili huku nikielea, tochi nimeielekeza kwenye neno lile, walimu. Mimi ni mwalimu wa kuzamia baharini. Nina miaka 11 Nungwi. Nimeshuka majini zaidi ya mara 2,000, nimepeleka wageni Mnemba na Hunga, na Leven Bank siku ambazo mkondo unavuta kama lori. Aliyekiandika kibao kile alikuwa ananijua.

Ilikuwa siku ya tatu na ya mwisho ya kozi yangu ya kwanza ya mapango, kwenye senote moja kusini mwa mji wa Playa del Carmen, Meksiko. Senote ni shimo la maji linalotokea dari la pango la mawe ya chokaa linapoporomoka, na rasi ya Yucatán ina mashimo hayo maelfu kwa maelfu. Tulipotoka majini, mwalimu wangu alikaa kwenye ngazi ya mbao, akaniuliza kama nataka tuendelee. Ndege yangu ilikuwa bado wiki mbili. Siku nane au tisa tu, akasema, ningeweza kuondoka na cheti kamili cha kuzamia mapangoni. Fedha nilikuwa nazo, nilizidunduliza miaka mitatu. Nikamwambia hapana, bado.

Mwaka mmoja na miezi minne imepita tangu siku ile. Madaiva wenzangu wa Nungwi, Mafia na Watamu wananiandikia wakiuliza mambo mawili: njia ya kwenda ni ipi, na kwa nini mimi nilifika mlangoni nikageuza. Majibu ya maswali hayo mawili nimeyakuta yamefungwa pamoja, kwa hiyo nayaandika pamoja.

Nianze nyumbani. Nimezaliwa Tanga, na mtoto wa Tanga hukosi siku moja ya kupelekwa na shule kwenye Mapango ya Amboni, pale kwenye barabara ya Horohoro. Mnapita ukumbi mkubwa, popo juu, mnainama, mnapita kwenye uwazi mwembamba ambao mwalimu mnene anabaki nje. Kisha mwongoza wageni anasema, zimeni tochi. Ukiweka mkono mbele ya macho huuoni. Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilitamani wanyamaze. Mwongoza wageni akatusimulia ile hadithi ya Wazungu wawili walioingia humo na mbwa wao wasitoke tena, ila mbwa akaja kuonekana mbali sana. Wengine husema ni huko Kilimanjaro. Wenzangu waliwaza wale Wazungu. Mimi usiku ule nilimuwaza mbwa: alijuaje njia?

Miaka mingi baadaye nilimwambia mama kwamba naenda kuzamia Meksiko. Tanga ni mji wa bandari, na kwetu neno kuzamia lina maana nyingine: kijana anajificha kwenye meli ya mizigo akitafuta Ulaya, na wapo ambao mama zao wanawasubiri hadi leo. Mama alishika shavu. Nikamweleza kwamba safari yangu ni ya ndege na ina viza, nakwenda kusoma kuingia mapango yaliyojaa maji. Alinyamaza muda mrefu, akapepeta mchele wake, kisha akauliza swali ambalo hakuna daiva aliyewahi kuniuliza.

"Na ukitaka kurudi, mwanangu, unarudije?"

Swali la mama ndilo somo lote la kuzamia mapangoni. Nalisema hivi kwa sababu baharini hatuna swali hilo. Yote tunayomfundisha mgeni baharini yana jibu moja nyuma yake: juu. Maski imejaa maji na umeshindwa kuitoa, panda. Hewa imekata na mwenzako yuko mbali, panda taratibu huku ukitoa pumzi. Umepotezana na kundi, tazama huku na huku dakika moja, kisha panda. Kwenye kina cha mita 12 hewa ya dunia nzima iko umbali wa nyumba ya ghorofa tatu. Pangoni juu kuna jiwe. Mlango wa kutokea ni ule ule ulioingilia, na ukipatwa na shida hausogei karibu hata hatua moja.

Halafu kuna tope. Sakafu ya pango la Yucatán ina vumbi laini la chokaa lililotulia humo miaka na miaka, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Maji yenyewe ni angavu kiasi kwamba mtu anaonekana ananing'inia hewani. Pezi moja likishuka vibaya, maji yale yanageuka maziwa, na tochi yako, hata iwe kali vipi, inakurudishia weupe tu. Kutulia kwake si jambo la dakika tano.

Ndiyo maana kuna kamba. Uzi wa nailoni, mnene kidogo kuliko mshipi wa kuvulia nguru, unaofungwa nje kwenye maji ya wazi, palipo na anga juu, ukafungwa tena ndani kidogo, kisha ukafuata kila hatua mnayokwenda. Juu yake kuna vishale vya plastiki vinavyoelekea mlango wa karibu, vimetengenezwa hivyo ili mtu avisome kwa vidole gizani. Yule mbwa wa Amboni ningemuuliza angeniambia alifuata harufu. Sisi tunafuata uzi.

Watu hawakuzaliwa wanajua haya. Huko Florida, kaskazini mwa jimbo, kwenye chemchemi zinazotoka chini ya ardhi, watu walianza kuingia na mitungi bila utaratibu wowote, na katika miaka ya 1960 na 1970 walikufa wengi, vijana wengi wenye nguvu na ujasiri. Mmoja wa wazamiaji wa pale, mwalimu wa hisabati wa sekondari aitwaye Sheck Exley, alifanya kazi ambayo naiheshimu kuliko rekodi zake zote za kina: alikaa na taarifa za vifo, kimoja baada ya kingine, akauliza ni nini kilivunjwa. Mwaka 1979 aliyachapisha aliyoyapata. Karibu kila safari ya kifo ilikuwa na jambo moja kati ya matatu: hapakuwa na kamba inayofika hadi nje, hawakubakiza gesi, yaani hewa ya mitungini, ya kutosha kurudia, au walishuka kina kinachozidi uwezo wao. Baadaye yakaongezwa mawili, mafunzo na tochi tatu kwa kila mtu, na hizo tano ndizo sheria hadi leo, kutoka Florida hadi Meksiko hadi Ufaransa. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 45, akijaribu kufika chini ya shimo la Zacatón huko Meksiko. Kila mwanafunzi wa mapango anaambiwa hilo pia, wala halifichwi.

Nataka kukaa kidogo kwenye sheria ya gesi, maana hapo ndipo niliona tofauti ya dunia hizi mbili. Baharini tunasema, mgandamizo wa hewa mtungini ukifika bar 50 uwe juu. Pangoni ni theluthi: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, na moja si yako, ni ya mwenzako. Chukua mitungi miwili ya lita 11, ile ile ya aluminiamu tunayoijaza Nungwi kila asubuhi, ina bar 200. Theluthi ni 66 na kitu. Unashusha hadi 60, kwa usalama. Kwa hiyo mkifika 140 mnageuza, na anayefika 140 kwanza ndiye anayewageuza wote.

Sasa fikiria mabaya zaidi yametokea mahali pabaya zaidi. Mko mwisho kabisa wa safari, geji zinasoma 140, na gesi yote ya mwenzako inapotea. Mnatoka wawili kwa gesi yako. Mlitumia 60 kila mmoja kuingia, kwa hiyo mnahitaji 120 kutoka, na wewe una 140. Zimebaki bar 20. Hizo 20 ndizo zinazolipia hofu yake inayomfanya apumue mara mbili, hofu yako, tope, na dakika mlizopoteza mkitafuta fundo. Nilipoandika hesabu hiyo kwenye daftari langu kwa mara ya kwanza, niliweka kalamu chini. Theluthi ina sauti ya ukarimu, kumbe ni mkanda umefungwa hadi tundu la mwisho. Ndiyo sababu wanafunzi wa daraja la kati hawapewi theluthi hata kidogo, wanapewa sudusi, sehemu moja ya sita. Ukiwa na bar 200 unatumia kama 30 tu, unageuza.

Kuna sheria nyingine isiyo ya hesabu na ndiyo niliyoipenda zaidi. Mtu yeyote, wakati wowote, anaweza kuonyesha ishara ya kugeuza, na hakuna wa kumuuliza kwa nini, wala majini wala baadaye mezani. Nimewaza mara ngapi mgeni wangu ameshuka pale Kichwani, Mnemba, ilhali moyo wake haukutaka, kwa sababu tu boti imejaa watu na amelipa. Tangu nirudi, hiyo ndiyo sentensi ya mwisho ninayowaambia kabla ya kujirusha kinyumenyume majini.

Madaraja ni kama ifuatavyo, kwa ufupi, maana mtayakuta popote. Daraja la kwanza ni la mdomo wa pango: unabaki mahali unapouona mwanga wa mchana, na jumla ya umbali wako kutoka usoni mwa maji, kina ukijumlisha na mwendo wa ndani, kwa kawaida haizidi mita 60. La pili linakuingiza gizani, lakini kwenye kamba kuu peke yake, bila kuruka kwenda kamba nyingine, na gesi kidogo kama nilivyosema. La tatu ndilo cheti kamili: theluthi, kuruka kutoka kamba hadi kamba, kuzunguka na kutokea upande mwingine. Mashirika yanayofundisha ni kadhaa, TDI, IANTD, GUE, NSS-CDS, na majina na idadi ya madaraja hutofautiana kidogo. Mimi nasema shirika lisikusumbue sana. Kikusumbue ni mtu atakayekuwa mbele yako gizani.

Nilipomtafuta mwalimu niliwaandikia wanne. Wote niliwauliza maswali mawili. La kwanza: siku ambazo huna mwanafunzi, unaingia pangoni kwa ajili yako mwenyewe? La pili: mwaka uliopita ni wanafunzi wangapi hukuwapa cheti? Mmoja alijibu kwamba wanafunzi wake wote hufaulu. Sikumwandikia tena. Mwingine aliandika kurasa mbili kuhusu wanafunzi aliowarudisha nyumbani, bila majina, na alichokiona kwa kila mmoja. Huyo ndiye niliyekwenda kwake.

Na sasa niseme kilichonigeuza.

Siku ya pili tulifanya zoezi la kutoka bila kuona. Unafumba macho, unaishika kamba ndani ya duara la kidole gumba na cha shahada, bila kuivuta, unaiacha ipite tu kama uzi kwenye tundu la sindano. Mwenzako amekushika mkono juu ya kiwiko. Mmoja anapumua kwenye mpira mrefu wa hewa wa mwingine. Mnaongea kwa vidole: kusukuma mara moja ni nenda, kubana ni simama. Nilikwenda vizuri. Pumzi imetulia, kamba haikutikisika, nilifurahi moyoni, nikasema miaka 11 si bure.

Mwalimu akanigusa bega: fumbua macho. Mbele yangu maji yalikuwa kioo. Akanionyesha kwa kidole nyuma. Kote nilikopita kulikuwa na ukuta mweupe, kuanzia sakafu hadi dari, unapanda polepole kama moshi wa jiko la mkaa mbichi. Mwenzangu alikuwa ndani ya ukuta ule. Mapezi yangu yalikuwa yanagusa chini muda wote na sikujua. Sikuhisi chochote. Kama ingekuwa kweli, mimi mwenye uzoefu ndiye ningekuwa nimempofusha.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa najiuliza imekuwaje. Jibu lilinijia kwa kazi yangu yenyewe. Mwalimu wa baharini halali kifudifudi majini. Ananing'inia, kichwa juu, miguu chini, ili aone wanafunzi wote wanne. Mikono inaongea. Anapiga mapezi ya juu na chini kwa sababu ya mkondo, na chini yake kuna mita 10 za maji au mchanga mzito unaotua mara moja. Wanafunzi wanapiga magoti mchangani, na yeye naye anapiga magoti. Fanya hivyo mara 2,000, mwili unajifunza. Kwa hiyo nilikuwa na kitu kibaya kuliko mtu asiyejua: nilikuwa na mazoea yaliyokomaa ya kusimama wima. Tena yana heshima, yana mshahara, hakuna Nungwi nzima ambaye angeniambia yana kasoro.

Mwalimu wangu hakunikatia tamaa. Alisema siku ya tatu nilikuwa bora, na ni kweli. Alisema ndani ya siku nane mambo yangekaa sawa. Mimi nadhani yangekaa sawa mbele yake. Lakini najua jinsi mafunzo ya haraka yanavyofanya kazi, nimewafundisha watu kwa siku tatu maisha yangu yote: mtu anafaulu zoezi Jumatano, na ukimpa jambo la pili la kufikiria siku ya Alhamisi, lile la Jumatano linadondoka. Pangoni unashika kamba kwa mkono mmoja, tochi kwa mwingine, unahesabu gesi, unakumbuka njia panda, unamtazama mwenzako. Kama miguu nayo inahitaji kufikiriwa, kuna kimoja kitadondoka. Nilitaka miguu itoke kwenye orodha kwanza.

Nikarudi Nungwi na kazi ya kufanya. Kila jioni boti zikirudi, nilishuka mita tano hapo hapo mbele ya duka letu, mitungi miwili ubavuni, mmoja kila upande, mtindo ambao Meksiko wanaupenda na ambao kwa bahati njema hauhitaji vifaa tusivyokuwa navyo. Mwili umelala kama ngalawa, magoti yamepinda, nyayo juu, mapezi yanasukuma kando kama miguu ya chura. Kurudi nyuma kwa mapezi peke yake kulinichukua miezi minne. Miezi minne kwa jambo moja! Kijana mmoja wa dukani alilala mchangani na kamera akanipiga picha, na kila usiku nilizitazama. Mwezi wa kwanza niliona aibu ya kweli. Mwezi wa sita nilimwona mwanamke, ndiye mimi, ananing'inia juu ya mchanga kiasi cha shubiri mbili, anavua maski, anaivaa, anatoa regyuleta mdomoni, anafungua kamba, na mchanga umelala.

Kipimo nilichojiwekea ni hiki, na ndicho ninachowajibu mnaoniuliza lini. Dakika 20 mahali pamoja, kina kisicheze zaidi ya nusu mita, bila maski, bila kusogeza mikono, chembe ya mchanga isinyanyuke; tena nifanye hivyo siku nikiwa nimechoka, baada ya kupiga safari mbili za boti na wageni. Nimefaulu mara tatu mfululizo mwezi uliopita. Kabla ya hapo ningekuwa nanunua tiketi ya ndege ili kujifunza kitu ambacho Bahari ya Hindi inakifundisha bure.

Kuhusu mahali, nimezungusha sana. Florida ina historia na walimu wakali, na mapango kama yale ya Ginnie Springs na Peacock ambayo watu wameyapima kila kona. Maji yake yanabaki nyuzi 22 mwaka mzima. Pale Ginnie yanatoka kwa nguvu, unapanda mlima kuingia, kisha mkondo unakutoa. Hiyo ina faida yake: ukichoka, maji yanakusukuma nyumbani. Meksiko mkondo ni mdogo, kutoka kunakugharimu sawa na kuingia, mapango ni marefu kupita akili (mwaka 2018 waliunganisha Sac Actun na Dos Ojos ikawa mfumo mmoja wa kilomita 347), na yamejaa nguzo na vichomozi vya mawe vilivyotengenezwa kwa matone ya maji zama ambazo bahari ilikuwa chini na mapango ni makavu. Ukigusa kimoja kikavunjika, hakuna anayeweza kukirudisha. Afrika Kusini ni karibu, lakini jina linalotajwa huko ni Boesmansgat, shimo la zaidi ya mita 280, na mwaka 2005 David Shaw alifia humo akijaribu kuutoa mwili wa kijana aliyezama humo mwaka 1994. Si mahali pa kwenda kujifunza kutembea. Madagaska, jirani yetu kabisa, ina mapango ya maji kusini-magharibi yenye mifupa ya lemuri wakubwa waliokwisha toweka, na hiyo nimeiweka kwenye ndoto za mbele.

Nimechagua Meksiko tena, kwa mwalimu yule yule, daraja la pili peke yake. Siku tano. Kisha nitarudi nyumbani tena. Ubalozi wao uko Nairobi, kwa hiyo kuna safari ya basi na makaratasi kabla ya safari yenyewe. Nitakwenda Mei, masika, hoteli nyingi zimefunga na duka halina wageni; msimu wa vimbunga kule unaanza Juni, na nitakuwa nimeshaondoka. Daiva wa Kizanzibari asikae akisubiri mwaka wa raha, masika ndiyo likizo yetu Mungu aliyotupa.

Kuna aliyeniandikia kwamba wale vijana 12 wa Thailand na kocha wao mwaka 2018 waliokolewa na wazamiaji, na yeye anataka awe kama hao. Nami niliifuatilia habari ile usiku na mchana. Ila waliowakuta hai, Rick Stanton na John Volanthen, mmoja alikuwa mzimamoto mstaafu na mwingine mtu wa kompyuta, walikuwa wameingia mapango ya baridi na matope Uingereza kwa miongo kadhaa, wikendi baada ya wikendi, bila mtu kuwapigia makofi. Na Saman Kunan, aliyekuwa mwanamaji wa kikosi maalumu, mwanamume mwenye mapafu na moyo kuliko wangu mara kumi, alifariki Julai 6 baada ya kupeleka mitungi ndani. Namtaja kwa heshima yote. Pango halikuuliza alikuwa hodari kiasi gani baharini.

Sasa kuna mnaoniuliza: ya nini basi? Baharini hakutoshi? Nijibu kwa kisa kimoja. Mwaka 2007 wazamiaji waliofuata kamba yao wenyewe huko Yucatán walitokea kwenye shimo kubwa jeusi, na chini yake, katikati ya mifupa ya wanyama ambao dunia haina tena, kulikuwa na mifupa ya binti wa miaka kama 15 au 16. Wakamwita Naia. Alidondoka humo yapata miaka 12,000 au 13,000 iliyopita, pango likiwa kavu, yamkini akitafuta maji. Kisha bahari ikapanda, ikamfunika, ikamtunza hadi aje mtu mwenye tochi na kamba. Nikimfikiria nasikia lile giza la Amboni likiniita, na nasikia pia kwamba naweza kulisubirisha.

Mazoezi ya nchi kavu nayafanya asubuhi, kwenye mivinje nyuma ya duka. Nafunga kamba kwenye mti wa kwanza, naizungusha kwenye miti saba au nane, naziba maski kwa kitambaa cheusi, naanza kurudi kwa kugusa. Watoto wa jirani huwa wanakuja kutazama kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Jumanne iliyopita nilifika mwisho, nikalishika fundo langu, nikavua maski nikitegemea kuona mlango wa duka. Nilikuwa nimesimama kwenye banda la mbuzi la Mzee nahodha. Walikuwa wamefungua ncha ile kimyakimya wakaihamishia huko, fundo wakalifunga vizuri kama langu, na kishale changu cha plastiki wamekigeuza.

Walikimbia wakicheka. Mzee akatoka, akaniona na maski mkononi, akataka kuwafokea.

"Waache, Mzee," nikamwambia. "Nilipita kwenye kile kishale nikakigusa, nikahisi kimegeuka, na bado sikusimama."

Akaitazama ile kamba kutoka mti hadi mti, mtu aliyesomesha nusu ya manahodha wa pwani hii, akaigusa kwa kidole.

"Basi waite warudi," akasema. "Na kesho kamba nitawafungia mimi."